Sago Iliyomngoja Roselin

Chakula hakijui kungoja mtu. Agata alikuja kulijua hilo akiwa amechelewa.

Bintiye Roselin alikuwa amepiga simu kwamba Krismasi atakuja kijijini, huku kando ya mto Sepik. Agata akaangusha mti wa sago, ule wa jamii ya mnazi, akatwanga moyo wa mti, akakamua unga wake kwa maji na kuufunga kwenye majani. Roselin hakuja, kazi ya maabara ilimzuia. Mafungu mengine Agata aliyagawa. Moja hakuligusa. Likakaa juu ya moshi wa jiko, likakauka, likaota ukungu. Sago huwekwa mtungini chini ya maji, na maji hubadilishwa. Agata alijua hilo tangu utotoni. Lakini hii ilikuwa ya mwanawe, iwe tayari kusafiri wakati wowote.

Mwisho akaipeleka mwenyewe mjini Wewak, nyumbani kwa Roselin. Asubuhi akakwangua ukungu, akachoma mikate miwili.

"Kula, mwanangu. Umekonda kama kasia."

Roselin akaunusa mkate, akamega kipande, akakitia kwenye kichupa.

"Hii imekaa tangu lini, mama?"

"Tangu Krismasi. Ilikuwa inakungoja wewe, bibie."

"Basi usiile. Ndiyo hiihii tunayoipima kazini. Watu wanakula sago ya zamani, wanakojoa damu. Tunadhani ni sumu ya ukungu, bado hatujaijua vizuri."

"Nimeukwangua. Tena nimeichoma. Moto wote ule umebakisha nini?"

"Ukungu unakufa, mama. Sumu inaweza kubaki."

"Ala! Nimekulea kwa sago, leo unanipima kwa kichupa! Kesho utapima na maziwa niliyokunyonyesha?"

Roselin akakifunga kichupa, akakitia mkobani. Gari la kazini lilikuwa linapiga honi nje.

"Nikirudi naitupa mwenyewe. Usiiguse, mama yangu, nakuomba."

Gari likaondoka naye, nyumba ikanyamaza. Nje watu walipita wakiongea, hakuna aliyemjua wala wa kumwita shangazi. Kijijini saa ile angekuwa anabishana na mtu kisimani. Agata akaitazama ile mikate. Wa kwanza aliula kwa hasira. Wa pili kwa upweke.

Jioni Roselin akauliza, "Iko wapi?"

"Nimetupa."

"Asante, mama." Akamkumbatia, na kumbatio lile likamchoma Agata kuliko moto wa jiko.

Kesho yake alfajiri mkojo wa Agata ulikuwa mweusi kama kahawa. Akaumwagia maji upesi, mwanawe asiuone. Akajilaza, akajifunika mpaka kichwani. Atamwambiaje mtoto kwamba alimdanganya? Wazazi wenzangu, aibu ni sumu nyingine, na hii haina kichupa.

Akasikia Roselin akivaa viatu, akifungua mlango. Akiondoka, hakuna atakayeingia humu mpaka jioni.

"Rose!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Sikuitupa. Nimeila. Yote!"

Viatu vikarudi mbio. Roselin alimtazama macho, yalikuwa ya njano. Hakumgombeza hata neno moja, afadhali angemgombeza.

Hospitali walimwongezea damu ya Roselin mwenyewe. "Ungekaa kimya mpaka jioni, tungekukosa," muuguzi alimwambia Agata. Kisha Roselin akainuka: kile kipande kilikuwa kinamsubiri maabara, na huko kijijini wengine walikuwa bado wanakula.

"Nenda," Agata alisema.

Akageukia ukutani, kwa sababu mwanawe alikuwa ameshaenda hata kabla ya kuambiwa.