Skrubu Zilizolala

Fundi alikuwa amekilaza cherehani ubavu, akitafuta mahali pa kutia mafuta, mkono wake uliposita. Skrubu mbili za bamba la chini zilikuwa zimelala.

Yeye hakuwahi kuacha skrubu imelala. Tangu ujana wake, akishakaza, humalizia kwa kuusimamisha wima mfuo wa skrubu, ule mstari wa kichwani unaoingia bisibisi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Hakufundishwa na mtu. Alijizoesha mwenyewe, ili cherehani kikirudi ajue kama kuna mkono mwingine uliopita. Na hiki cha Mama Magauni, yule mshonaji wa nguo za harusi, alikifunga mwenyewe mwezi uliopita, skrubu zote zikiwa zimesimama.

Akakifungua. Kwenye nyumba ya bobini, panapokaa uzi wa chini, kulikuwa na springi mpya. Hakuiweka yeye.

Moyo wake ukaenda moja kwa moja kwa mafundi wa mtaa wa pili, watu wa kuharibu kisha wakanyamaza. Lakini hakuwa mwepesi wa kumtia mtu hatiani. Alishusha kutoka kwenye rafu cherehani kingine, alichokimaliza juzi, ambacho mwenyewe hajaja kukichukua. Akakigeuza. Skrubu tatu zimelala.

Hicho hakikuwa kimevuka mlango. Na karakana ile ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na binti yake.

"Mama," akaita. Alimwita hivyo tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Hebu njoo. Nani amefungua hiki?"

Binti aliacha sindano alizokuwa akizichambua, akaja kusimama mbele yake, penye mwanga, jinsi wote nyumbani walivyojifunza kusimama wakitaka kusikika.

"Mimi, baba."

"Na hiki?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Vingine vilikuwa vinalia kwa ndani, kamlio kadogo, kama mtu anatafuna mchanga. Ukawa unavifunga hivyohivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanijibu, 'Weka hapo juu ya meza.'"

Fundi akacheka, kicheko kikaishia njiani. Alikuwa na mzaha wake wa siku zote, wa kujitania mwenyewe kabla watu hawajamtania: sikio la kufa halisikii dawa, na langu mimi, hata dawa ikipiga hodi, linauliza nani. Leo haukumjia.

Alivua vifaa vyake vya masikio, akaviweka kiganjani. Vilikuwa vimezeeka pamoja naye. Kimoja kilishikizwa kwa gundi, kingine kimrija chake kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Kila asubuhi alivifunika kwa mkono, vikapiga mluzi, naye akajiambia: vikilia, viko hai. Mganga hajigangi.

Binti alingoja avirudishe masikioni ndipo akauliza, "Yule mtaalamu wa masikio alisemaje mara ile? Ulituambia viko salama."

"Alisema viko salama." Fundi alifuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Alisema masikio ndiyo yameshuka, na hivi vimefika mwisho wa nguvu zake. Nichukue vipya."

"Baba! Mwaka mzima umekalia hilo neno?"

"Nilimuuliza, nikivaa vipya, mlio mwembamba wa chuma nitausikia? Akaniambia, 'Mzee wangu, watu nitakurudishia. Cherehani sikuahidi.'"

Hapo ndipo palipomuuma. Akiwa na hivi vibovu, alikuwa na cha kulaumu. Kila mlio uliompotea alizisingizia betri, vumbi, jasho. Akivaa vipya na mlio usije, hatakuwa na wa kumsingizia ila miaka yake. Kwa hiyo aliahirisha, na alipokuwa akiahirisha, binti yake alikuwa akifungua na kufunga kimyakimya nyuma yake, ili jina la baba lisianguke. Sifa zote alizopewa na wateja tangu mvua zile, hakujua tena ni zipi zake.

"Zungusha," akasema.

Binti alishika gurudumu. Fundi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye taya, kama alivyozoea. Mtetemo ulimfikia mfupani. Mlio haukuja. Akaacha kusikiliza, akamtazama binti usoni, mpaka paji lilipokunjana.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

Akashusha bisibisi.

"Kesho asubuhi unipeleke kwa yule mtaalamu. Na uingie ndani pamoja nami, uyasikie mwenyewe. Mimi nina tabia ya kuleta nusu ya maneno nyumbani."

"Na Mama Magauni? Kesho anakuja kuchukua chake."

"Atakuja, atatutukana, akichoka atakaa. Tutakifunga tukirudi. Wewe utasikiliza, mimi nitakaza."

Alizikusanya skrubu kwenye kifuniko cha kopo, akatandaza kitambaa juu ya cherehani kilichobaki wazi. Binti, akiwa amempa mgongo akifunga dirisha, alisema jambo. Kwa mazoea mdomo wa Fundi ulifunguka, ujibu lolote. Akaufumba. Akangoja ageuke.