Maji ya Kinanda

Jumamosi asubuhi Severina alipandisha ndoo ya maji kutoka bondeni, akapita nyumbani kwake bila kuitua, akaingia nayo kanisani na kuisukuma chini ya kinanda. Ilikuwa zamu yake. Kiangazi cha huku juu ya Kitangari hupasua mbao, na wamisionari waliokileta kinanda waliagiza kikae na maji chini yake. Tangu hapo wanawake wa kwaya hupokezana. Nyumbani shati la shule la mwanawe Felix lilikuwa halijaguswa na maji tangu wiki iliyopita.

Kinanda kilianza kukua mikorosho ilipotoa maua. Awali kilikuwa kisanduku chembamba chenye nyuzi zilizodonolewa na vijiti vya manyoya ya kunguru. Jumapili moja manyoya yakawa yamepukutika, pameota vinyundo vyenye vichwa vya sufu. Winfrida, mpigaji wake, akibonyeza polepole kilinong'ona, akikaza kilinguruma. Kisha kikaota chuma tumboni na miguu minene, sakafu ikapata ufa, baraza la kanisa likauziba kwa saruji. Kabla ya mvua kikajivua mbao zote kama nyoka, kikabaki cha umeme, cha plastiki, na ngoma zake humo humo. Mbao alizichukua Mama Loveness wa kwaya, akajengea banda. Kuku wake sasa hutetea kwa sauti nne.

Severina alimfuata mwenyekiti wa baraza, Mzee Nikolao, kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Felix."

"Plastiki haipasuki kwa kiangazi. Yale maji si tubaki nayo majumbani?"

"Kwa hiyo kinanda kikose maji kwa kuwa kimeendelea?"

"Kinayafanyia nini?"

"Labda kinaoga," alidakia Winfrida, akiwa mbele ya kinanda. "Siku kikioga, mwenzangu, tutazikwa wote kwa shoti."

"Utaratibu ni utaratibu," alisema mzee.

Kinanda hakikungoja. Kilisinyaa kikawa chembamba kama kitabu cha nyimbo, na Jumapili moja Winfrida akakikuta kimeshaingia kwenye simu ya Mzee Nikolao. Kilipiga chenyewe, mzee akigusa tu kioo kwa kidole gumba. Winfrida akapangiwa kufagia. Baraza lilikaa, likaona kinanda sasa kinaishi mfukoni mwa mwenyekiti, basi maji yake yakifuate huko.

Zamu ya Severina ilipofika, alipeleka ndoo nyumbani kwa mzee. Mzee alitoka na taulo begani, akaipokea, akaingia nayo bafuni na simu yake. Severina alisimama uani kusubiri ndoo. Kinanda kikapiga wimbo wa kuingia, maji yakamwagika, kikapiga na wa kutoka.

Mlango ukafunguka.

"Chukua ndoo yako, Mama Felix. Wiki ijayo ulete mbili. Kinazidi kukua."

Severina aliitazama simu, nyembamba kama biskuti.

"Haya, mzee."

Alirudi nyumbani, akalikung'uta shati la Felix, akaligeuza nje ndani kwa ajili ya Jumatatu.