Geti Lililogoma Katikati

Mageti ya umeme nilijifunzia Uvira, kwenye nyumba za mashirika zilizopangana kando ya Ziwa Tanganyika. Pale unyevu hauna likizo. Unaingia kwenye sanduku la mota, unakula nyaya, unaotesha ukungu wa kijani juu ya bodi, na siku moja tajiri anabonyeza rimoti mpaka kidole kinamuuma, geti linamtazama tu. Nilipokimbilia Uganda nilidhani ufundi wangu umekwisha, maana katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nani ana geti la umeme? Milango yetu ni bati na kipande cha waya. Kumbe Mbarara matajiri wapo, na mvua ipo. Wakati wa kununua geti wanaambiwa litadumu miaka na miaka. Habari za sisimizi hawaambiwi.

Nayasema haya ili ujue kwamba kazi yenyewe niliijua. Siku ile haikuharibika kwa ujinga.

Siku ile mama yangu alikuwa anaondoka kwenda Kanada, na mimi sikuamini.

Usinihukumu upesi. Mama na dada yangu Eugénie walinitangulia kufika Nakivale, wakaandikishwa pamoja. Mimi nilichelewa Uvira, nikaja baadaye, nikaandikishwa peke yangu. Majina yao yalipoitwa, langu halikuwamo, na kila niliyemwendea alinipa pole na kunielekeza kwa mwingine. Basi tukakubali: wao waende, mimi nibaki. Lakini kukubali si kuondoka. Mara ya kwanza walipoambiwa wajiandae, Mama aligawa sufuria zake zote kwa majirani, akagawa hadi godoro, akaaga kanisa zima, akalia, akalala kwenye mkeka. Asubuhi tukaambiwa safari imeahirishwa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu ilibidi apite nyumba kwa nyumba akiomba arudishiwe vyombo vyake, na kwa Mama Concilie, jirani yetu Mrundi, alikuta sufuria ipo motoni na maharage ndani, akakaa hapo akingoja yaive. Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya kwetu yalishakuwa sugu.

Kwa hiyo walipoambiwa mara ya nne, hakuna aliyegawa kitu. Nakivale nzima inajua safari za namna hii husogezwa, na hakuna mtu aliyewahi kuziona zikiondoka siku iliyotajwa. Asubuhi nilimkuta Mama amekaa mlangoni akichambua maharage ya jioni.

"Mama, kuna geti limeharibika Mbarara," nikamwambia. "Niende, ao nibakie?"

"Enda tu, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Banatudanganya tena. Utakuta nimeisha kupika."

Nikaenda. Hata mkono sikumpa.

Nyumba yenyewe ipo mlimani, juu kidogo ya barabara ya Masaka. Mwenyewe ni Madamu Kobusingye, mfanyabiashara wa maziwa. Si mtu mbaya, ila ana utaratibu wake: fundi akiingia, anamwachia kitambulisho, naye anakitia kwenye mkoba na kuondoka nacho mpaka kazi iishe. Alianza hivyo tangu fundi mmoja alipotoroka na mota. Akachukua changu, akasema, "Geti likifunga, utanipigia," akaenda zake Bwizibwera kupokea maziwa.

Geti lilikuwa limegoma katikati. Gari halipiti, lakini mwizi anapita na ng'ombe wake. Nilifungua sanduku nikawakuta sisimizi wamejenga ukoo mzima juu ya bodi, na mayai yao, na udongo wao uliolowa. Kuna tundu la ufunguo la kuachilia mota ili geti lisukumwe kwa mkono, lakini kutu ilikuwa imelijaza, ufunguo ukazunguka mara moja na kukatikia humo humo. Sikushtuka. Niliing'oa bodi, nikaisafisha kwa mswaki, nikaiweka juu ya matofali kando ya sigiri ya mlinzi, mbali na moto, ikauke taratibu. Bodi iliyolowa haipewi umeme. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na anayeivunja hana haki ya kujiita fundi.

Mlinzi aliitwa Karekezi, mtu mzima mwenye koti la kampuni lililomzidi mabega. Alinimiminia chai ya maziwa, tukaanza kusengenya matajiri. Hapo simu ikalia.

"Anatole, uko fasi gani?" Ni Eugénie, na nyuma yake watu wanapiga kelele. "Bus zimefika! Banaita majina, batu bako napanda!"

"Bus gani?"

"Bus, weye! Za kwenda! Mama iko nakutafuta kila fasi, anakatala kupanda. Kuya mbio!"

"Waambie wangoje," nikasema. Ndivyo nilivyosema, eti wangoje, kana kwamba msafara wa Kanada ungesimama kumngoja fundi wa mageti. Nikaweka kikombe chini, nikaanza kukusanya vifaa.

"Sasa fundi, wewe nakwenda wapi?" Karekezi akauliza.

"Mama yangu anaondoka. Leo. Sasa hivi."

"Pole sana, ssebo." Alimaanisha, niliona usoni. "Lakini geti iko wazi. Madamu alisema fundi hapana toka mpaka geti nafunga. Kitu ikipotea hapa, mimi ndiyo nakwenda jela. Na kitambulisho yako iko kwa yeye."

Kitambulisho! Pale uwanjani wanapopandia mabasi kuna uzio, na bila kitambulisho huingii, hata kama aliyeko ndani ndiye aliyekuzaa. Nikampigia Madamu. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, na tena, Karekezi akinieleza kwamba kwenye matangi ya maziwa mashine zinanguruma, mtu hasikii hata jina lake. Mwishowe akapokea.

"Fundi, geti limepona?"

Nikamweleza yote, haraka haraka, Kiswahili kikinichanganyikia na Kifaransa.

"Pole, fundi. Mimi pia nina mama," akasema. "Lakini nyumba yangu haiwezi kubaki wazi, na mimi niko mbali. Funga geti, uende. Kitambulisho nitakuletea mwenyewe."

Funga geti, uende! Utadhani nilikuwa nimeliacha wazi kwa starehe zangu. Nilimkasirikia, na hasira yenyewe haikuwa na pa kukaa, maana kila alichosema kilikuwa haki yake. Nikaichukua bodi pale kwenye matofali. Ilikuwa na joto juu, lakini kwenye pembe, chini ya zile soketi ndogo, niliuona unyevu. Niliuona vizuri kabisa. Nikaipuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji wa mtoto, nikaifunga kwenye sanduku, nikawasha umeme.

Geti likaguna. Likasogea kiasi cha kiganja cha mkono. Karekezi akapiga makofi. Kisha pakasikika mlio mdogo, pah, na harufu ya kuungua ikanijia puani, na geti likatulia pale pale, limekufa, likiwa bado wazi. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa nikiwa mdogo, na waliokuja kujifunza kwangu niliwafundisha. Nikakaa chini kwenye kokoto. Nilijisikia mtu bure kabisa, mwenye ufundi wake mikononi na hauna wa kumfaa.

Mvua ikaanza. Nikavua koti langu, nikafunika mota, kwa mazoea tu, maana hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

Eugénie akapiga tena. "Tumetoka," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama walimubeba kumupandisha. Alikuwa naita jina yako. Tuko bus ya pili. Simu yangu iko nazima, Anatole, charge imeisha..."

"Mtapita Mbarara?" nikauliza kwa nguvu. "Eugénie! Mtapita barabara ya Masaka?"

"Tutapita," akasema, na simu ikazima.

Nikasimama. Kutoka pale getini barabara naiona yote: kituo cha mafuta, vibanda vya matunda, lami inayoelekea Kampala. Mabasi ya Nakivale hayana njia nyingine. Kama sikuweza kumfuata Mama, basi Mama alikuwa anakuja kwangu mwenyewe, na geti lililonifunga lilikuwa limenifungia mahali pazuri! Nilicheka peke yangu, Karekezi akanitazama kwa wasiwasi. Nilipomweleza, akakuna kichwa, akatazama barabara, akatazama nyumba.

"Enda simama pale chini," akasema. "Mimi nakuona kutoka hapa. Hiyo si kutoka. Hiyo ni kama uko hapa."

Nilishuka nikasimama upande wa kushoto wa barabara, upande wa nyumba, ambako mabasi yangenipitia karibu kabisa. Nilingoja muda mrefu. Niliogopa kujikuna, niliogopa kupangusa macho, nisije nikapitwa. Malori ya matoke yalipita, taksi zikapita, vile vibasi vidogo vya Uganda, pikipiki zenye abiria waliojifunika mifuko ya plastiki. Mvua ilikuwa ile ya kuchapa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na watu wachache wanaosimamisha taksi, nao wamelowa kama mimi.

Basi la kwanza likatokea kwenye kona, taa zinawaka. Nililiacha lipite. La pili lilikuwa nyuma yake.

Niliruka. Nilipunga mikono yote miwili, nikaita "Mama! Mama!" na nikaanza kukimbia sambamba nalo kwenye matope. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Niliona viganja, niliona mtoto akichora kwa kidole, niliona kitambaa cha kichwa cha bluu na nikadhani ni yeye, kikageuka, akawa mama mwingine, kijana kabisa. Nikapiga ubavu wa basi kwa kofi. Kisha likanimwagia maji ya dimbwi na kwenda, na nyuma yake likaja la tatu, nikalipungia hilo pia, sijui kwa nini.

Halafu barabara ikawa barabara tu. Nilibaki nimesimama pale nikilia waziwazi, mwanaume mzima, na sikuona aibu. Mama yangu ana miaka yake. Kanada si Bwizibwera, kwamba nitapanda taksi Jumapili nikamsalimie.

Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Anatole, ni miye, nimeazima telefone ya jirani." Eugénie alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama amekuona! Amekuona, Anatole! Mungu ni mukubwa!"

"Ameniona?"

"Amekuona muzuri! Alipangusa kioo na kitambaa, akasema, 'Yule pale, mutoto wangu.' Anasema kumbe uko na koti mupya ya manjano. Anasema ulimupungia mukono mpaka akapita. Anasema umenenepa, Mbarara inakupenda. Sasa ametulia, hata amekubali kula biskuti."

Nilijitazama. Shati langu lilikuwa limegandama mbavuni, unaweza kuzihesabu.

"Mmekaa upande gani?" nikauliza.

"Huku, upande wa shofere. Kwa nini?"

Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, upande wa shofere, mwanaume mmoja mnene wa koti la mvua la manjano alikuwa bado anangoja taksi.

"Anatole? Mama anauliza, iko weye kweli?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka basi lisimame, waligeuze, wamlete upande wangu aniangalie kwa macho yake mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Mwambie koti nimelinunua jana."

Nikamsikia Eugénie akiyarudia maneno hayo, na sauti ya Mama ikijibu kitu, mbali, sikukishika, kisha mwenye simu akaidai simu yake.

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Yule mtu alirudi nyuma hatua moja aliponiona, nadhani alifikiri ni kichaa.

"Ssebo," nikamwambia, "umempungia mtu kwenye basi?"

"Mimi? Mimi natafuta taksi ya kurudi mjini." Akafikiri kidogo, uso ukamlegea. "Aaa, yule bibi mzee! Alikuwa nalia pale dirishani, halafu akaniona, akaanza kucheka. Mimi nikasema huyu maskini nakwenda mbali, nikampungia. Wewe namjua?"

"Ni mama yangu."

Akavua kofia ya koti lake, mvua ikampiga kichwani.

"Alifanyaje?" nikauliza. "Tafadhali. Alifanyaje?"

Hakunicheka. Aliinua mkono, akaubandika hewani, kiganja wazi, kama kuna kioo mbele yake, akaubakiza hapo. Kisha akaushusha, akaulaza kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

Taksi ya mjini ilikuwa imesimama, kondakta anampigia kelele apande. Nikamwomba anioneshe tena. Akamwashiria kondakta asubiri, akanigeukia vizuri, akainua mkono.