Vichwa vya Shaba vya Verna

Orrin Tollefson alikuwa na mdomo, na asubuhi ile kwenye uwanja wa shabaha nje ya Lewistown, Montana, aliuachia kweli kweli.

"Mwoneni mdogo wangu," aliwaambia wenzake wa klabu. "Baruti anaipima kama anamkorogea mtoto dawa."

Verna, dada yake, aliendelea kupanga risasi zake mezani. Kuwatengenezea jamaa zao risasi ilikuwa kazi ya baba yao miaka arobaini, na tangu wamzike mwezi Machi walikuwa hawajakubaliana nani ashike mahali pake. Orrin alijiona ni yeye, eti kwa kuwa ni mkubwa, tena mwanamume. Verna aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampaa. Msimu wa kuwinda kulungu ulibakiza wiki moja kuanza.

Mwaka huu walihamia vichwa vya risasi vya shaba tupu, kwa sababu binti wa Verna alikuwa mjamzito na hawakutaka chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye nyama. Uzito ulikuwa uleule wa vichwa vya zamani. Hapo ndipo Orrin alipopotea: alichukua kipimo cha baruti cha marehemu baba, cha juu kabisa, akajaza vilevile.

"Kaka, usipige hizo, nakuomba," Verna alisema. "Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito huohuo ni kirefu. Kinazama ndani ya ganda, kinaibana baruti. Tena ni kigumu, hakiingii mtutuni kwa hiari. Presha ndani ya bunduki inapanda. Mimi nimeanza chini, nikapandisha kidogo kidogo wiki tatu nzima."

"Uzito ni uleule. Baruti itajuaje?"

Baruti ilijua. Orrin alifyatua, bunduki ikapasua masikio, na bolti, lile komeo linalofunga risasi ndani, ikagoma kufunguka. Orrin alivuta, akavuta tena, uso ukamwiva. Quist, msimamizi wa uwanja, aliigonga kwa nyundo ya mpira mpaka ganda likatoka, fataki ya kitakoni inayowasha baruti imelala bapa kabisa kwa presha.

"Ingezidi kidogo, ungekuwa unalitafuta jicho lako kwenye nyasi saa hizi," Quist alimwambia.

Verna alilala kifudifudi akapiga risasi zake tatu. Bolti yake ilifunguka kwa vidole viwili, na matundu yote matatu ungeyafunika kwa sarafu moja. Alisikia fahari mpaka kooni, na kwa nini asisikie? Jasho lilikuwa lake.

Orrin alikwenda hadi kwenye shabaha akayagusa matundu yale kwa kidole. Kisha akaleta boksi lake, risasi hamsini na tisa zilizobaki, akaliweka miguuni pa dada yake mbele ya watu wote.

"Zinafunguliwaje hizi?"

"Moja moja. Baruti yote inamwagwa."

"Zote?"

"Zote, kaka. Njoo nyumbani nikuonyeshe."

Orrin aliwageukia wenzake. "Kwetu risasi anatengeneza Verna," alisema. "Na mwenye neno aje aniambie mimi."

Verna aliinama akawa anaokota maganda, ili wasimwone anavyotabasamu huku machozi yakimtoka.