Mstari wa Chini Kwanza

Dada yangu alizikwa mvua zikiwa bado hazijakatika, na udongo ulikuwa haujakauka mratibu wa mpango wa kusoma aliponipigia simu. Alitaka niandike jina la marehemu juu ya mlango wa chumba alichokuwa akifundishia. Mimi ni fundi rangi. Nilikubali, maana niliona ni heshima.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zahanati. Dada alikuwa mshonaji, na kila Jumamosi alijitolea kuwafundisha pale watoto walioachwa nyuma darasani. Alikuwa na mtindo wake: mtoto anaanza na mstari wa mwisho wa ukurasa, kisha anapanda juu. Wenzake walimcheka. "Huyo kesho atawafundisha kuvaa viatu kabla ya soksi." Yeye alisema mtoto mwenye masikio makali hushika hadithi nzima kwa kuisikia, akakudanganya wewe na yeye mwenyewe. Ukianzia chini, hadithi haimbebi. Lazima macho yafanye kazi.

Aliyemhangaisha zaidi ni binti mmoja waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Hata wodini, siku zake za mwisho, dada aliniuliza, "Chiriku amefika wapi?" Nikamwahidi nitaangalia.

Asubuhi ya sherehe ya kukipa chumba jina la dada nilikuwa juu ya ngazi, herufi za mwanzo nimeshaziandika. Ndani, Chiriku alikuwa anafanya mazoezi mbele ya mratibu, kavaa gauni jipya na utepe kichwani. Wageni walikuwa njiani. Alisoma bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtangazaji. Kisha akafunua kurasa mbili zilizogandana kana kwamba ni moja. Picha ilikuwa ya mbuzi kisimani, lakini mdomo wa Chiriku ukaendelea kusimulia mvua.

Nilishuka.

"Huyu hasomi."

"Kaka, naomba umalizie mlango," mratibu akasema.

"Amekariri. Mwambie aanzie mstari wa chini."

Akatabasamu. "Hayo yalikuwa mambo ya marehemu. Tumeyaacha, yanachelewesha. Siku hizi tunawajengea watoto kujiamini. Na wageni watajuaje?"

"Mtoto atajua."

"Pole na msiba, kaka. Uchungu ni mwingi, naelewa. Lakini usituharibie siku. Tunamuenzi dada yako."

Damu ilinipanda. Mtu anakuvua nguo, halafu anakwambia anakupunguzia joto. Mimi dada nilimzika mara moja. Hawa walikuwa wanamzika mara ya pili, na kwa makofi.

Nilipanda ngazi, nikachovya kitambaa kwenye thina na kuzifuta zile herufi. Rangi ikachuruzika hadi kwenye kitasa.

"Jina lake halikai hapa."

Mratibu hakubishana nami. Alimgeukia Chiriku, akamfungua utepe na kumfunga mtoto mwingine. "Kama hasomi, basi asisome. Haya, mama, njoo wewe."

Nilimkuta Chiriku nyuma ya zahanati, ameketi chini ya tangi la maji, kitabu bado kiko mkononi.

"Mjomba, kwa nini umenisema? Nilikuwa nasoma vizuri."

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

"Wangenipigia makofi."

"Wangekupigia, ndiyo."

Nilikaa kando yake, mikono ikinuka thina, nikafungua ukurasa wa mbuzi. "Anzia chini."

"Sitaki. Mwalimu alikuwa ananibembeleza kwanza."

"Mimi sijui kubembeleza. Nimekasirika."

"Hata mimi nimekasirika."

"Basi tusome na hasira zetu."

Alinikata jicho. Kisha akaweka kidole chini ya neno la kwanza la ule mstari, akalikodolea macho kama mtu aliyemtukana. Lilikuwa neno refu. Alitoa silabi moja, akarudi, akaitoa tena. Nyuma yetu motokaa zilisimama na milango ikafungwa, watu wakasalimiana kwa kicheko. Baada ya muda sauti ya yule mtoto mwingine ikaanza kutiririka bila kukwama, ileile hadithi, ileile mvua. Wakapiga makofi.

Chiriku hakugeuka. Jasho lilikuwa limemtoka puani, na kidole kilikuwa palepale. Nikaona anateseka, nikafungua mdomo.

"Usiniambie," akasema.