Kisima Namba Saba

Asubuhi nilikuwa kwa Mzee Maundu, nachota maji. Nusu ya Kaloleni inategemea kisima chake, maana hafungi geti wala hafukuzi mtu, hata akiwa Taveta kununua ndizi kama wiki hii. Nikajaza debe mbili, nikarudi nyumbani, na Mama akampa mdogo wangu Safaa kikombe. Safaa ana miaka miwili. Ameachishwa ziwa juzi tu, na sasa maji anayafakamia utadhani ni maziwa.

Halafu Wayua akanipitia twende mkutanoni kwa chifu. Wayua ndiye rafiki yangu, na ndiye mtu pekee wa rika langu naongea naye bila kufunika mdomo. Meno yangu ni ya kahawia. Shuleni wananiita Bubu.

Mgeni alikuwa Bwana Nashon, kutoka ofisi ya utafiti ya chuo kikuu, Nairobi. Si profesa. Alisema kazi yake ni makaratasi: nani anapima nini, wapi, na ripoti inaishia wapi.

"Miaka yote zimeishia kwa kabati yangu," akasema. "Mwaka huu wa tisini na nane tumepitisha sheria. Ukipima maji ya watu, ripoti irudi kwa watu. Haya, hii hapa ya visima vyenu."

Hiyo ripoti naijua. Nikiwa darasa la saba, mwanafunzi wa chuo, Miss Ajwang', alipita kila boma akijaza maji kwa chupa za soda, na kwa vile mwandiko wangu ni mzuri nikamwandikia lebo. Kisima cha nani, namba gani. Alipoondoka sikumsikia tena.

Bwana Nashon akasoma. Visima kumi na viwili. Vingine vizuri, vingine hivi hivi. Namba saba ina madini ya floraidi mara tano kupita kipimo. Mtoto mdogo akiyanywa, meno ya ukubwani yanaota na madoa.

"Tukichemsha je?" Mama Nzembi akauliza. Yeye ana kisima chake karibu na reli, na mdomo ana mkubwa kuliko kisima.

"Ukichemsha ndiyo yanazidi, mama. Maji yanapungua, madini yanabaki."

"Na hiyo saba ni ya nani?"

Bwana Nashon akafunga ripoti polepole. "Hiyo sijui. Kwa ripoti ni namba tu. Orodha ya majina ilipotea, na Ajwang' yuko ng'ambo, hajajibu barua."

"Kitendawili," Mama Nzembi akasema kwa sauti.

"Tega," wazee wakaitikia, wanacheka.

"Nimetoka Nairobi na sumu kwa mkoba, mwenyewe simjui. Haya, baba, tunakupa mji. Chukua Mombasa yote, utuambie."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemshika Wayua mkono mpaka analalamika.

"Nini wewe?"

"Orodha ninayo," nikamnong'oneza. "Niliinakili nyuma ya daftari la jiografia."

Wayua hana siri. "Khairat wa Abdulghani anayo orodha," akasema, na vichwa vyote vikageuka.

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na daftari, nahema. Bwana Nashon alikuwa karibu kucheza ngoma. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Ngoja. Ajwang' aliwaahidi nini wenye visima?"

"Kwamba majina hayatatajwa," nikasema. Na mkono wangu, sijui ulienda wapi, haukuwa mdomoni.

"Basi hata mimi siwezi kusoma. Sheria inayofungua ripoti ndiyo hiyo hiyo inafunga majina, mpaka mwenyewe aseme sawa."

Wakaanza kumzomea. Nikaona ripoti inarudi kwa kabati. Nikasema, "Mwenye kisima aje nimwambie namba yake sikioni. Akitaka kuitangaza, ni yake."

Wakapanga laini, watu wazima, wananiinamia mimi. Mama Nzembi akawa wa kwanza. "Nne," akapaza sauti. "Safi kabisa. Njooni mchote, lakini mniamkie vizuri." Zephaniah, fundi baiskeli, akapata tisa, mbaya kiasi. Akasema mwenyewe kwamba kesho anaweka bango, cha kunywa hapana, cha kufulia karibu. Wanane walijitangaza, na kila mmoja akipigiwa makofi. Sijawahi kufurahi hivyo. Bwana Nashon aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akasema sehemu zingine nazo zitafanya hivi hivi.

Wanne hawakuwepo. Katika hao wanne kuna saba.

Nilijua tangu mwanzo saba ni ya nani. Nilifika nyumbani nikamwaga debe zote mbili.

"Una wazimu?" Mama akauliza. "Kwa Maundu watu wanakunywa tangu sijaolewa."

"Mama, nitachota kwa Mama Nzembi. Usiniulize."

Akaniangalia meno, kisha akamwangalia Safaa, akanirudishia debe. Lakini kwa Wayua kuna mtoto wa miezi tisa, na mama yake ataenda kwa Maundu alfajiri. Nikisema, nimevunja ahadi mbele ya watu wote walioniamini leo. Nisiposema, mtoto anakunywa.

Baba ana mashine ya faksi dukani kwake, ya wafanyabiashara. Duka la Taveta analofikia Mzee Maundu nalo linayo. Saa kumi na mbili jioni Baba akanipigia namba, karatasi ikapita: "Shikamoo Mzee Maundu. Kisima chako kimepimwa, ni namba saba, ripoti nitakusomea. Naomba ruhusa nikitaje. Khairat wa Abdulghani."

Baadaye Baba akapiga simu huko. Wakasema amekula, amechukua karatasi, ametoka nayo.

Sasa ni saa tano na nusu. Wote wamelala, mimi niko dukani na daftari. Nimetuma nyingine: "Mzee, mama Wayua anachota saa kumi na moja alfajiri. Ukisema hapana, nijibu hata hiyo hapana."

Imeenda yote, taa ya kijani imewaka. Hajajibu.