Viatu vya Don Isaías

Kabla ya kuwasha kamera, Yurani Ocampo alikikagua chumba kama mtu anayetafuta nyoka. Pazia lilibandikwa kwenye fremu ya dirisha ili mlima usionekane. Kalenda ya duka la nyama aliitoa ukutani, kwa sababu ilikuwa na jina la mtaa. Mwisho aliingia kwenye ukurasa wake kuhakikisha kwamba Kolombia bado imefungiwa, ili mtu aliye ndani ya nchi asimpate hata akimtafuta. Wanawake wote wa studio ile ya mjini Pereira, waliovua nguo kwa wateja wa mtandaoni, walifanya hivyo. Walilipwa ili waonekane, lakini na watu wa mbali tu.

Yurani alikuwa na miaka ishirini na saba, na hofu yake ilikuwa moja. Juu milimani, kwenye kijiji cha Guamal Alto, mama yake, Doña Rubiela kama wote walivyomwita kwa heshima, aliwapikia wachuma kahawa wa shamba kubwa. Mama aliamini kwamba binti yake anajibu simu za wateja wa benki, na aliwaambia hivyo majirani kwa fahari, akieleza hata viti vya ofisi ambavyo hakuwahi kuviona. Yurani alimwambia Nórida, mpambaji wa studio, kwamba mama akijua atakufa akiwa amesimama. Nórida akajibu kuwa akina mama hawafi kwa mambo kama hayo. Wananuna miaka kumi, halafu wanaomba friji.

Ndipo akaja Fabricio. Alikuwa kijana aliyesomea filamu chuo kikuu, na alitafuta waigizaji wa filamu za watu wazima zenye hadithi. Alisema watazamaji wamechoka na miili isiyo na watu ndani yake. Wanataka kujua mwanamke huyu ametoka wapi na analala akimfikiria nani. Pale studio walimwita Profesa.

"Profesa," Nórida alimuuliza siku ya kwanza, "kwenye hadithi yako watu wanavua nguo ukurasa wa ngapi?"

"Wa mwisho," Fabricio alisema. "Kama wataufikia."

Yurani alimpenda kwa sababu aliomba ruhusa hata kabla ya kuvuta kiti. Walikubaliana kila kitu mapema. Angevaa barakoa ya kitambaa cheusi kutoka kwenye paji la uso hadi puani, wigi, na jina la kubuni. Jina lake halisi lisingeandikwa popote. Fabricio alitimiza kila neno aliloahidi, na hilo ndilo lililofanya yaliyofuata yawe magumu zaidi kuyaelewa.

Filamu ilimhusu mjane anayekutana na mgeni hotelini. Kabla ya lolote kutokea kati yao, mjane anakaa kitandani na nguo zake zote na kumsimulia mgeni huzuni yake. Fabricio alikuwa ameandika habari ndefu ya bibi mmoja na bahari. Yurani aliisema, akairudia, lakini ilitoka kama tangazo la sabuni. Mpiga picha akapiga miayo. Yurani mwenyewe akacheka, akasema bahari ameiona mara moja tu, tena mvua ilikuwa inanyesha.

"Basi sema kitu chako," Fabricio alisema. "Chochote cha kweli. Uso haupo, jina halipo. Nani atakujua?"

Yurani naye aliona hivyo. Miaka yote alikuwa ameficha uso, dirisha na jina, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna kingine cha kufichwa. Akasimulia habari ya viatu.

Baba yake, Isaías, aliangukiwa na mti shambani, Yurani akiwa na miaka saba. Maisha yake yote alivaa mabuti ya mpira. Wachuma kahawa waliona aibu azikwe nayo, hivyo Don Abelardo, mpimaji wa kahawa, akavua kofia yake na kuipitisha kati ya mistari ya mibuni, kila mtu akatia alichokuwa nacho. Wakamnunulia viatu vya ngozi, rangi ya sukari guru. Kijiji kizima kilikuja kumwona Isaías amelala ndani ya jeneza, viatu vikimeremeta. Asubuhi ya mazishi mama aliomba abaki naye peke yake kabla kifuniko hakijapigwa misumari. Yurani alichungulia kwenye ufa wa mlango, akamwona mama akifungua kamba za viatu. Akavivua polepole, kimoja na kingine, akaifunika miguu kwa blanketi na kuibusu juu ya blanketi. Baadaye akashuka navyo mjini, akavibadilisha dukani kwa viatu vya shule vya mtoto wa kike.

"Baba yangu aliingia ardhini peku," Yurani alisema mbele ya kamera, "ili mimi niende shule. Mama hajawahi kuniambia. Na mimi sijawahi kumwambia kwamba niliona."

Nórida alijifuta macho kwa sifongo ya poda, akabaki na mashavu ya rangi mbili. Yurani alijisikia mwepesi. Miaka yote aliyofanya kazi ile watu walikuwa wamemtazama, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kwamba ameonekana.

Filamu iliuzwa nje, na haikufungiwa nchi yoyote, maana barakoa ilionekana kutosha. Walioinakili bila idhini hawakujali sana sehemu ya hotelini. Walichokipenda kilikuwa yale maneno. Mtu fulani akakikata kipande kile peke yake na kukisambaza na picha za mioyo na machozi. Na kwa kuwa mwanamke aliyekuwa ndani yake amevaa nguo zote, hakuna aliyeona haya kukituma hata kwa shangazi zake.

Ndivyo kilivyofika Guamal Alto. Kiliingia kwenye simu ya mchuma kahawa mmoja, Wilmar, kikitoka kwa binamu yake aliyeko Chile. Binamu aliandika chini yake kwamba lafudhi ile ni ya kwao kabisa, na akaeleza filamu yenyewe ni ya namna gani. Wilmar aliwaonyesha wenzake wawili. Kabla ya gunia kujaa, shamba lote lilikuwa limejua. Kofia, viatu, rangi ya sukari guru. Hapakuwa na jeneza lingine kama lile, na marehemu aliacha binti mmoja tu.

Mchana ule Doña Rubiela alikuwa anapakua maharage kwenye meza ndefu ya wachuma kahawa. Mmoja wao akamwinulia mguu wenye buti.

"Doña Rubiela, leo nivue mwenyewe kabla ya kula, au utanivua wewe?"

Meza yote ikacheka. Yeye naye akatabasamu, akidhani ni utani wa matope. Mwingine akasema akifa yeye azikwe na soksi mbili mbili kwa usalama. Ndipo tabasamu likamganda usoni. Alimaliza kupakua, akaosha mikono, akamfuata Wilmar nyuma ya banda na kumtaka amwonyeshe. Wilmar alikataa, akasema si kitu cha mama kuona. Mama hakuondoka. Mwishowe Wilmar akafunika kioo cha simu kwa kofia yake, akacheza ile sauti tu, yeye mwenyewe akitazama pembeni. Doña Rubiela akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi jikoni.

Utani wa vijana angeuvumilia. Kilichomshinda ni Don Abelardo. Mzee yule hakumtukana wala hakumuuliza kitu. Kesho yake alikuja kazini na wali baridi aliotoka nao nyumbani, akaulia peke yake chini ya paa la kuanikia kahawa. Keshokutwa vilevile. Kwa miaka ishirini mzee huyo alikuwa amekula kutoka mkononi mwa Doña Rubiela, na sasa sahani yake tupu ilibaki imefunikwa mezani.

Asubuhi iliyofuata mama alimpigia Yurani simu, akamkuta anachana wigi.

"Nibariki, mama," alisema, kama alivyosema siku zote.

Mama hakumbariki.

"Simu za benki zinaendeleaje?" aliuliza.

Yurani akaweka kitana chini.

"Nimekusikia kwenye simu ya Wilmar. Aliifunika kwa kofia, ana adabu yule mtoto wa watu. Sikuona kitu. Nimesikia tu."

"Mama, nisamehe. Hii kazi nilitaka kukuambia, ila..."

"Siongelei kazi. Mwili ni wako, nilikupa, sikukukopesha. Lakini asubuhi ile ilikuwa yangu. Tulikuwa mimi na baba yako, wawili tu. Nani alikuita wewe mlangoni?"

Yurani alilia, mama akamsubiri amalize. Kisha akamweleza habari ya Don Abelardo na wali wake baridi, kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Akasema mzee yule alitia ndani ya kofia ile pesa nyingi kuliko wote, na mzee mwenyewe wakati huo alikuwa anatembea na nguo za viraka. Halafu akakata simu.

Siku hiyohiyo Yurani alikwenda kwa Fabricio. Kijana akawa mweupe kama karatasi. Hakujitetea. Aliifuta filamu kila alikoweza kuifuta, akawaandikia waliokinakili kipande, akawabembeleza, akawatisha kwa sheria asiyokuwa na uwezo wa kuitumia. Kila kipande kilipoondolewa hapa kiliibuka kule, na jina jipya. Mwishowe alikaa sakafuni akishika kichwa.

"Yangu naweza kuifuta," alisema. "Ya kwao siwezi. Nilikuahidi uso na jina, Yurani. Nilidhani mtu ni hivyo tu."

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Waambie niliandika mimi," Fabricio alisema. "Si ndiyo kazi yangu, kutunga? Nani atathibitisha kwamba sikutunga?"

Alisema kwa kujilaumu, bila kutarajia jibu. Lakini Yurani aliondoka na maneno hayo. Ndani ya chumba chake aliyageuza upande huu na ule, na kila mara aliona bei yake ileile. Anayetaka kusema kwamba hadithi ni ya uongo, lazima kwanza akubali kwamba msimulizi ni yeye. Mpaka siku ile watu wa Guamal Alto walikuwa wamekisia tu. Barakoa ilikuwa bado inamwachia pa kujificha.

Jumamosi alipanda gari la abiria, jeep la kwenda milimani, akafika wachuma kahawa wakiwa mezani. Vijiko vikasimama. Mmoja akapiga mluzi, mwenzake akampiga kiwiko. Doña Rubiela alikuwa kwenye sufuria, mwiko mkononi, na hakusema karibu. Yurani hakumtazama. Aliogopa kwamba akimtazama atashindwa. Aligeukia upande wa nje, chini ya paa la kuanikia, alikokuwa amekaa mzee na wali wake.

"Don Abelardo, naomba unisikilize. Na ninyi wengine pia, maana mnanijadili mimi."

Mzee akainuka polepole, akaja mpaka mlangoni.

"Yule kwenye video ni mimi," Yurani alisema. "Sijibu simu za benki. Nafanya kazi mbele ya kamera, Pereira, na filamu ile niliigiza. Mama alikuwa hajui. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, niko hapa."

Hakuna aliyecheka.

"Lakini mambo ya viatu ni uongo. Filamu inatungwa. Mwongozaji alitaka kitu cha kuliza watu, nikampa kofia yako na viatu mlivyomnunulia baba, tukaongeza mengine. Baba yangu alizikwa na viatu vyake miguuni."

Don Abelardo alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa na utando wa uzee, lakini yalimkazia.

"Mlimtungia mama yako jambo kama hilo?"

"Ndiyo."

"Wewe na huyo mtu wako. Kwa filamu kama ile."

"Ndiyo, Don Abelardo."

Mzee akatikisa kichwa. Alisema afadhali Isaías hakuishi kuyaona haya. Kisha akampita Yurani kama mtu anayepita kando ya nguzo, akakaa mahali pake pa zamani, akafunua sahani na kumwinulia Doña Rubiela.

Yurani sasa alimtazama mama yake. Alijua kwamba mama hakuzoea kusema uongo, na neno moja tu lilitosha kuvunja kila kitu. Doña Rubiela aliitazama sahani iliyokuwa hewani. Akamtazama binti yake.

"Toka jikoni kwangu," alisema. "Toka kabla sijakumwagia sufuria hii."

Halafu akaijaza sahani ya Don Abelardo, maharage na ndizi ya kukaanga, akaongeza kipande cha nyama ya nguruwe ambacho hakuna mwingine aliyepewa.

Yurani akateremka mpaka barabarani. Nyuma yake sauti moja iliuliza kwa nguvu hizo video zingine zinapatikana wapi. Wakacheka baadhi yao, na Wilmar akamwambia mwenye sauti afunge mdomo ale. Yurani alisimama akisubiri gari, akilirudia lile neno la mama kichwani. Alikuwa ameigiza sauti kwa miaka, ya furaha, ya hamu, ya kumkumbuka mtu asiyemjua, na aliamini anaweza kuisikia sauti ya kuigiza hata ikiwa imefichwa vipi. Katika lile "toka" alitafuta mahali pa uongo. Alitafuta mwanzoni, akatafuta mwishoni, na hakupapata.

Gari likaja. Dereva, ambaye siku zote alimwachia kiti cha mbele, alimwonyesha nyuma kwa kidevu. Yurani akapanda, akakaa kati ya magunia. Kutoka pale aliweza kuliona jiko, moshi wake, na meza ndefu. Don Abelardo alikuwa ameinama juu ya sahani, anakula.